Kuhamia nje kwa pointi: piga hesabu yako kabla hujamtumia mtu hela

Wa Iringa na Njombe kamwene, wa Mbeya ugonile. Kila wiki naulizwa maswali yaleyale: dada, Kanada wanachukua watu? Dada, kuna ajenti anasema nitume hela ya kufungulia faili, nitume? Nina diploma ya uuguzi, naenda wapi? Mimi ni fundi kuchomelea, nimetoka VETA, na mimi wananitaka? Nikimjibu mmoja kesho anakuja mwingine na swali hilohilo, kwahiyo naandika hapa mara moja tuelewane.

Kitu cha kushika kabla ya vyote: hizi nchi hazikuchagui kwa sababu umeomba kwa upole au una mtu anayekujua ubalozini. Zina meza ya pointi. Umri una pointi, shule ina pointi, kiingereza kina pointi, miaka ya kazi ina pointi, wanajumlisha. Kanada ndo walianza huu mtindo mwaka 1967, wengine wakafuata. Na hiyo meza ipo wazi kwenye tovuti za serikali zao, bure kabisa, unaisoma kwa simu yako hapohapo ulipo, Mafinga au Tukuyu. Ndo maana naumia sana nikiona mtu kauza debe zake za mahindi amlipe dalali kwa kitu ambacho angejua kwa dakika ishirini kama anafaa au hafai.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasipoti ya Tanzania. Unajaza fomu mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, gharama 150,000.
- Cheti cha kuzaliwa cha RITA na namba ya NIDA.
- Vyeti vyote vya NECTA, cheti cha chuo pamoja na transkripti.
- Barua za kila kazi uliyofanya (ntaeleza zaidi chini, hapa ndo watu wengi wanaanguka).
- Taarifa ya benki, na ya NSSF au PSSSF kama unachangia.
- Barua pepe ambayo nywila yake unaijua WEWE. Sio ya mwenye steshenari wala ya ajenti.

Kitu cha kwanza kabisa weka hivyo vyeti mezani vyote uangalie majina. NECTA imeandikwa Aneth, NIDA imeandikwa Anneth, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo shuleni hukulitumia. Huku kwetu haina shida, watu wanakujua, kule mtu anayesoma faili anaona watu wawili tofauti. Nenda kwa wakili, kuna mambo yanaisha kwa kiapo na kuna mengine yanataka hati ya kubadili majina iliyosajiliwa. Lifanye hili mapema, maana ukirekebisha jina baada ya kufanya mtihani wa kiingereza na pasipoti ya zamani unajikuta unarudia kila kitu.

Hatua ya 1: Chagua nchi kwa mfumo wake, usichague kwa jina

Kuna nchi unaingia kwenye mchujo hata kama huna kazi mkononi. Kanada kupitia mfumo wa Express Entry ulioanza Januari 2015, na Australia kupitia SkillSelect. Hizi mbili ukichaguliwa unaweza kupata makazi ya kudumu, yani PR, kabla hata hujapanda ndege.

Ujerumani wana kitu kinaitwa Chancenkarte, kimeanza Juni 2024, nacho ni cha pointi ila sio PR, ni ruhusa ya mpaka mwaka mmoja ya kwenda kutafuta kazi. Ukipata kazi ya ujuzi ndo unaanza safari ya kudumu, na kwa mwenye ujuzi anayefanya kazi kule kisheria anaweza kuomba makazi ya kudumu baada ya miaka mitatu.

Alafu kuna nchi ambazo bila mwajiri huendi popote. Uingereza lazima kampuni yenye leseni ya kuspansa (kudhamini wafanyakazi wa kutoka nje) ikupe cheti cha uspansa, na kuanzia 22 Julai 2025 mshahara wa kawaida unaotakiwa ni pauni 41,700 kwa mwaka na kazi nyingi lazima ziwe za ngazi ya digrii. Siku hiyohiyo walifunga mlango wa kuajiri walezi wa wazee kutoka nje. Kwahiyo mtu akija Mwanjelwa au Miyomboni akakuuzia nafasi ya kulea wazee Uingereza, na wewe upo hapa Tanzania, huyo ni tapeli, usibishane naye ondoka. New Zealand pia wana pointi, unatakiwa ufikishe 6, ila lazima uwe na kazi au ofa kutoka kwa mwajiri waliyemthibitisha.

Manesi nawaambia na hili: Tanzania ipo kwenye orodha ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kanuni za Uingereza haziruhusu mwajiri wala ajenti kuja kuwachota huku. Wewe mwenyewe ukiomba moja kwa moja unaruhusiwa.

Hatua ya 2: Tafuta kazi yako kwenye orodha yao

Kanada kila kazi ina namba ya NOC na ngazi inaitwa TEER, kuanzia 0 mpaka 5. Kwa wenye ujuzi wanataka TEER 0, 1, 2 au 3. Nesi aliyesajiliwa yupo 1, fundi wa kuchomelea yupo 2, dereva wa lori kubwa yupo 3 (madereva wa Tunduma nawajua mnasoma, nakuja kwenu). Australia nao wana orodha yao ya kazi, kama kazi yako haipo humo basi hiyo viza haikuhusu.

Usiangalie jina la cheo, soma majukumu. Kuna mtu kwenye barua anaitwa afisa masoko na kazi aliyokua anafanya kila siku ni kuuza dukani. Kule watasoma alichofanya.

Hatua ya 3: Piga pointi zako kwa kalamu

Hapa tulia, ndo kiini cha habari yote.

Kanada kuna hesabu mbili na watu wanazichanganya sana. Ya kwanza ni ya kuingia, unatakiwa upate 67 kati ya 100. Tuchukue kijana wa miaka 29, hajaoa, digrii moja kutoka MUST, kazi miaka mitatu. Umri anapata 12. Digrii 21. Kazi 11. Hapo ana 44. Sasa kiingereza: akipata bendi 6.0 kwenye kila kipengele cha IELTS (mtihani wa kiingereza), ambayo ndo kiwango cha chini kinachoruhusiwa, anapewa 16, jumla 60. Ameanguka. Digrii anayo, kazi anayo, umri anao, na ameanguka. Akiongeza kiingereza mpaka kiwango wanachokiita CLB 9, anapewa 24, jumla 68, amepita. Mtu yuleyule, vyeti vilevile.

Hesabu ya pili inaitwa CRS, hii ndo wanakupanga nayo na wenzako wa dunia nzima, mwisho wake ni 1,200. Kijana huyohuyo akiwa na kiingereza cha 6.0 anapata kama 336, akiwa na CLB 9 anapata 429. Tofauti pointi 93 kwa mtihani mmoja! Hakuna ajenti anayeweza kukupa hizo.

Umri nao unakula. Kwa asiye na mwenza, miaka 20 mpaka 29 unapata 110, ukifika 40 unabaki na 50, ukifika 45 ni sifuri. Sisemi wa miaka 38 usijaribu, nasema usikae unasubiri kila kitu kikamilike.

Na hapa kuna wizi mmoja wa wazi. Zamani ofa ya kazi ilikua inaongeza pointi 50 au 200 kwenye CRS. Tangu 25 Machi 2025 zimefutwa. Anayekuuzia jobu ofa ya Kanada eti ikupandishe pointi anakuuzia kitu hakipo. Kinachoongeza kwelikweli ni jimbo kukuteua, hiyo inakupa 600 mara moja, au kujua Kifaransa vizuri.

Australia kiwango cha kuingia ni 65. Umri 25 mpaka 32 unapata 30, digrii 15, diploma au ufundi unaotambulika 10, kazi ya nje miaka mitatu 5, kiingereza bendi 7 kila kipengele 10, bendi 8 inakupa 20. Ukiwa huna mwenza unaongezewa 10. Jimbo likikuteua kwa viza 190 unapata 5, kwa viza 491 ya maeneo ya mikoani 15. Uwe chini ya miaka 45 wakati wanakualika. Na 65 ni ya kuruhusiwa kusimama tu kwenye foleni, wanaoitwa mara nyingi wana zaidi.

Ujerumani unatafuta 6. Mfano fundi wa miaka 28: umri chini ya 35 pointi 2, kazi miaka mitano ndani ya saba iliyopita pointi 3, Kijerumani cha ngazi ya A2 pointi 1, hapo amefika (ngazi za lugha zinapanda kutoka A1, A2, B1, B2). Ila sharti mafunzo yake yawe ya angalau miaka miwili na yatambulike na serikali ya huku kwetu, kozi ya miezi sita haingii hata uwe fundi hodari kiasi gani. Na lazima uwe na Kijerumani cha A1 au kiingereza cha B2 ndo wakufungulie mlango.

Madereva sasa. Kazi yenu Kanada inakubalika kwenye orodha, hilo ni kweli. Shida ipo kwenye zile 67: kidato cha nne kinatoa pointi 5 tu za elimu, na kiingereza ni kilekile cha nesi na injinia. Wengi wenu mtaishia njiani kwenye mfumo huu, bora muangalie programu za majimbo. Nawaambia wazi msije mkauza kiwanja.

Hatua ya 4: Lugha, weka nguvu zako zote hapa

Kwa Kanada unafanya IELTS ya General Training. USIFANYE ya Academic, hiyo ni ya vyuo na Express Entry hawaipokei. CLB 9 maana yake kusikiliza 8.0, kusoma 7.0, kuandika 7.0, kuongea 7.0, vyote vinne, kimoja kikishuka umeshuka kiwango. Matokeo yanadumu miaka miwili.

Watu wetu wengi wanaumizwa na kusikiliza na kuandika. Tumesoma sekondari kwa kiingereza lakini tulikua tunaandika notsi ubaoni, hatukuzoea kusikiliza mtu anaongea haraka na lafudhi ngeni. Jipe miezi, sio wiki mbili. Sikiliza redio ya kiingereza kila siku, andika barua na insha kwa kujipimia muda, mpe mtu anayejua akusahihishe bila huruma. Pia panga safari, mtihani mara nyingi ni Dar, nenda angalau siku moja kabla ulale upumzike. Kushuka kwenye basi la usiku kutoka Mbeya afu unaenda moja kwa moja kusikiliza kiingereza umechoka ni kutupa ada ya mtihani.

Kwa mwenye uvumilivu, fikiria Kifaransa. Kanada wana raundi maalum za kualika wanaojua Kifaransa na mwaka 2025 kuna zilizoshuka mpaka pointi 379 za CRS wakati raundi za wenye uzoefu wa kazi ndani ya Kanada zilikua juu ya 500. Rudi kwenye yule kijana wetu mwenye 429 uone mwenyewe. Mtihani ni TEF Canada au TCF Canada. Wa Ujerumani, Goethe-Institut ipo Dar.

Hatua ya 5: Vyeti vitathminiwe

Kanada unatumia taasisi kama WES, inasema digrii yako ya Tanzania ni sawa na nini kule, na ripoti inadumu miaka mitano. Chuo chenyewe ndo kinatuma transkripti, wewe ukituma kopi yako hawaipokei. Kwahiyo nenda ofisi ya taaluma ya chuo chako, iwe MUST, Mkwawa, RUCU, TEKU au popote, uliza nani anahusika, lipia, na UFUATILIE. Barua inaweza kukaa mezani kwa mtu hata mwezi kama hakuna anayeulizia.

Australia kila fani ina mwenyewe: mainjinia ni Engineers Australia, mafundi wengi ni TRA (Trades Recognition Australia, sio TRA yetu ya kodi), manesi ni ANMAC. Bila tathmini chanya hualikwi. Manesi na mainjinia hakikisheni pia usajili wenu wa huku, kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga na ERB (bodi ya wahandisi), upo hai.

Hatua ya 6: Ushahidi wa kazi

Barua ya "namthibitisha huyu alikua mfanyakazi wetu mwaminifu na tunamtakia kila la heri" haisaidii. Barua inatakiwa iwe na kichwa cha ofisi, cheo chako, tarehe ya kuanza na kuacha, saa za kazi kwa wiki, mshahara, na majukumu yako yameorodheshwa, afu sahihi na mawasiliano ya aliyeandika. Bosi wengi huku hawajazoea kuandika hivyo, kwahiyo iandae rasimu umpelekee asome asahihishe kwa ukweli. Usinakili majukumu neno kwa neno kutoka tovuti ya NOC, wanajua.

Kanada wanataka angalau mwaka mmoja mfululizo, saa 1,560, ndani ya miaka kumi iliyopita. Umejiajiri? Inahesabika. Leta TIN, leseni ya biashara, risiti za kodi, mikataba na barua za wateja. Fundi ambaye miaka yote kafanya kazi Soweto ya Mbeya bila karatasi hata moja, anza leo kutunza karatasi.

Usithubutu kughushi. Kanada ukibainika unafungiwa miaka mitano.

Hatua ya 7: Hela ya kuonyesha

Kanada kama huna ofa ya kazi pamoja na ruhusa ya kufanya kazi kule lazima uonyeshe una hela ya kuanzia maisha, kwa mtu mmoja ni zaidi ya dola 15,000 za Kanada, na inaongezeka kwa kila mwanafamilia hata kama humchukui. Hauwapi, ni yako, ila lazima ionekane. Benki iandike barua yenye salio la sasa na wastani wa miezi sita.

Shamba la miti Mafinga halihesabiwi. Shamba la parachichi Njombe halihesabiwi, nyumba Uyole haihesabiwi. Mkopo nao hawautaki. Ukiuza miti ili upate hiyo hela tunza mkataba wa mauzo, maana watauliza hii hela kubwa imeingia ghafla kutoka wapi. Na ile tabia ya kuazima kwa ndugu kila mmoja akuwekee kidogo siku ya kuchapa statimenti, acha, miezi sita inaonyesha kila kitu.

Hatua ya 8: Fungua profaili, subiri

Kufungua profaili ya Express Entry ni BURE. Inakaa miezi 12, ikiisha unafungua nyingine. Jaza wewe mwenyewe au ukae pembeni ya anayekujazia. Kila kitu kikibadilika, umeoa, umepata mtoto, umerudia mtihani, ingia ubadilishe. Wanaita watu kwa raundi, kuna za jumla na kuna za fani kama afya na ufundi.

Hatua ya 9: Ukialikwa una siku 60

Siku 60 zinaisha haraka ukiwa mbali na Dar. Cheti cha polisi kinahitaji alama za vidole. Vipimo vya afya vinafanywa na daktari aliye kwenye orodha yao tu, hospitali ya rufaa hata iwe nzuri vipi kama haimo haimo, na kwa Express Entry tangu Agosti 2025 vipimo viwe vimefanyika kabla hujawasilisha. Ndo maana nasema barua za kazi na benki ziwe tayari kabla ya mwaliko.

Ukikwama

*Pointi hazifiki.* Angalia kwanza kiingereza, kisha mwenza wako. Mumeo au mkeo akiwa na elimu na kiingereza kuliko wewe, fungueni profaili yeye awe mwombaji mkuu. Watu hawalifikirii hili kwa sababu wamezoea baba ndo atangulie.

*Chuo hakitumi transkripti.* Nenda mwenyewe ukiwa na namba ya faili la WES iliyochapwa, omba risiti ya kutuma. Kama upo mbali tuma ndugu na barua ya kumruhusu.

*Mwajiri wa zamani kafunga au amegoma kuandika.* Kusanya mkataba, hati za mshahara, taarifa ya NSSF, miamala ya benki, na barua ya msimamizi aliyekuona unafanya kazi, kisha andika maelezo kwa nini barua ya ofisi haipo.

*Nimeshamlipa ajenti, hanipi taarifa.* Mwombe jina la kuingilia na nywila. Akikataa, badilisha barua pepe kama unaweza, kusanya meseji na risiti za miamala uende polisi. Anayelipwa kushughulikia faili la Kanada lazima awe wakili wa kule au mshauri aliyesajiliwa, na majina yao unaweza kuyatafuta mtandaoni. Kwa Australia watu wa ushauri wanasajiliwa na MARA.

*Nikipata PR napoteza utanzania?* Hapana. PR ni ruhusa ya kuishi, pasipoti yako inabaki ya Tanzania. Unapoteza pale unapochukua uraia wa kule, kwa sababu sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ila PR ya Kanada ina sharti, uwe ndani ya Kanada siku 730 kwa kila miaka mitano.

*Nimeomba, nimekataliwa.* Soma barua ya kukataliwa mstari kwa mstari, sababu imeandikwa. Kama ni karatasi iliyokosekana, itafute uombe tena. Kama wamesema umedanganya, usiombe tena kimyakimya, tafuta mwanasheria wa huko kabla hujagusa fomu yoyote.

Ukitaka nikusaidie kuangalia pointi, niandikie umri, elimu, miaka ya kazi, na matokeo ya IELTS kama unayo. Usinitumie namba ya pasipoti wala nywila, sizihitaji.